Kuku wa Koni hawakurogwa



Leo ninaandika juu ya chakula cha kuku. Wengine watauliza: mchungaji anatafuta nini katika chakula cha kuku? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba katika parokia yetu hapa Koni, upande wa Likasi, upungufu mdogo katika gunia la chakula ulikaribia kumfukuza mama mjane kati yetu. Najua pia kwamba makanisa mengi ya mashariki yana kikundi cha wamama au cha vijana wanaofuga kuku wa nyama ili kusaidia kazi ya Bwana. Kwa hiyo ninawaeleza yaliyotupata na yale tuliyojifunza, ili ninyi msipite njia ileile.

Yaliyotupata

Wamama wa kanisa walichanga pesa na kununua vifaranga 100 wa kuku wa nyama. Shabaha yao ilikuwa kulipia masomo ya watoto yatima wa parokia. Siku 10 za kwanza waliwapa chakula cha vifaranga kilichonunuliwa Likasi. Kilipokwisha, kasha lilikuwa karibu tupu. Wakaja kuniuliza shauri. Mimi mwenyewe niliwajibu: "Mahindi tunayo. Wapeni unga wa mahindi na pumba. Kuku ni kuku."

Tangu siku ile walikula mahindi. Walikula vizuri, walikunywa maji, hawakuharisha wala kukohoa. Lakini hawakukua. Katika juma la 6, wakati kuku wa nyama aliyelishwa vizuri anafikisha kilo 2 na zaidi, wa kwetu hawakufika hata kilo 1. Manyoya yalikuwa machache, migongo wazi, nao walikuwa wakinyonyoana. Tulipochinja wachache, tulikuta mafuta mengi tumboni na nyama kidogo kifuani.

Ndipo maneno yakaanza. "Chakula wanakula, ugonjwa hawana. Basi kuna mtu." Mmoja akakumbuka kwamba mama mzee mmoja, mjane, alikuwa akipita karibu na kibanda kila asubuhi na kusema, "Vifaranga hawa ni wazuri." Siku chache baadaye hakuna aliyetaka kukaa naye kwenye benchi moja. Alipoleta maji ya kunyweshea kuku, waliyamwaga. Na mimi mchungaji wao, niliyetoa shauri la mahindi, nilinyamaza Jumapili mbili. Hilo nimelitubu mbele ya kanisa, nalirudia hapa.

Aliyetusaidia ni kijana wa parokia aliyesoma mambo ya kilimo na mifugo Lubumbashi. Aliuliza swali moja tu: "Mmewalisha nini?" Tulipomwambia, akasema: "Hawa hawakurogwa. Wamekosa lisini."

Protini si kitu kimoja

Wengi wetu tunajua kwamba mwili hujengwa kwa protini. Nyama, manyoya, ngozi na damu, vyote vina protini ndani yake. Lakini protini si kitu kimoja. Ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Kuna aina 20 hivi. Nyingine kuku anaweza kuzitengeneza mwenyewe mwilini. Lakini karibu 10 hawezi kuzitengeneza, au hawezi kuzitengeneza kwa kiasi cha kutosha. Lazima azipate katika chakula. Kati ya hizo, tatu ndizo zinazopungua mara nyingi katika chakula cha kuku wa nyama: metionini, lisini na treonini.

Fikirini fundi seremala anayetengeneza meza. Ana mbao 100 za juu, lakini ana miguu 8 tu. Atatengeneza meza ngapi? Mbili. Mkimwongezea mbao 200 nyingine, bado ni meza mbili. Kinachoamua kazi yake ni kile kilicho kichache. Ndivyo mwili wa kuku unavyofanya. Kama lisini inatosha nusu tu ya kazi, nyama itajengwa kwa kadiri ya nusu hiyo, hata kama asidi amino nyingine zimejaa.

Na zile zinazobaki zinaenda wapi? Mwili hauna ghala la kuziweka. Unazichoma kama kuni, na nitrojeni yake inatoka katika mavi. Ndiyo sababu kibanda ambamo kuku wanapewa protini nyingi isiyolingana kina matandiko yenye majimaji na harufu kali inayochoma macho. Kwa hiyo kuongeza protini ovyo si dawa. Kinachotakiwa ni kulinganisha.

Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 1914 huko Marekani na wataalamu wawili, Thomas Osborne na Lafayette Mendel. Waliwalisha panya kwa protini kubwa ya mahindi, inayoitwa zeini, bila protini nyingine. Panya hawakukua, bali walipungua uzito. Walipoongeza asidi amino mbili tu, triptofani na lisini, panya wakaanza kukua. Zeini haina hizo mbili.

Hesabu ya gunia letu

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyotufungua macho.

Mwaka 1994 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa vipimo vya mahitaji ya kuku, ambavyo vimetumiwa kama msingi. Kwa kuku wa nyama, majuma 3 ya kwanza, kila kilo ya chakula iwe na lisini grami 11 na metionini grami 5. Kuanzia juma la 4 hadi la 6, lisini grami 10 na metionini grami 3.8. Baada ya hapo, lisini grami 8.5.

Kilo moja ya mahindi ina lisini kama grami 2.5. Kifaranga wetu alihitaji 11, tukampa chini ya robo. Je, angeweza kula mara nne zaidi ili kufikisha? Hapana. Tumbo lake linajaa kabla, na wanga wote ule unageuka kuwa mafuta. Yale mafuta tuliyoyaona tumboni yalikuwa ushahidi. Manyoya machache nayo yalikuwa ushahidi, kwa sababu manyoya yanahitaji sana asidi amino zenye salfa, yaani metionini na mwenzake sistini.

Soya inakuja na kile ambacho mahindi hayana. Mashudu ya soya, yaani yale yanayobaki baada ya kukamua mafuta, ambayo sokoni tunaita turto, yana lisini kama grami 27 au 28 kwa kilo. Chukueni kilo 100 za chakula, muweke mahindi kilo 60 na mashudu ya soya kilo 35. Mahindi yanaleta lisini grami 150, mashudu yanaleta karibu grami 960. Jumla ni kama 1,110, maana yake grami 11 kwa kila kilo. Tumefika.

Lakini angalieni metionini. Mahindi yanaleta kama grami 110, mashudu kama grami 215. Jumla 325, yaani grami 3.3 kwa kilo, na kifaranga anahitaji 5. Soya ni tajiri wa lisini lakini ni maskini wa metionini. Hapa panabaki pengo la grami 1.7 kwa kilo, yaani grami 170 kwa kilo 100. Ni kiasi cha kujaza bakuli dogo. Metionini inauzwa kama unga mweupe kwa wauzaji wa chakula cha mifugo, na mara nyingi imo tayari ndani ya konsantre. Kwa kuwa ni kidogo sana, ichanganyeni kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, kisha na kilo kumi, kisha na zote. Mkiimwaga moja kwa moja juu ya lundo, kuku mmoja ataipata na wengine 20 wataikosa.

Kilo 5 zinazobaki ni za chumvi kidogo, chokaa au unga wa mifupa, na mchanganyiko wa vitamini na madini. Hizo nazo msiziache.

Kuanzia juma la 4 mnaweza kupunguza mashudu hadi kilo 30 na kuongeza mahindi hadi 65. Lisini itakuwa karibu grami 10, nayo inatosha kwa umri ule.

Mahali pa kubana pesa na mahali pasipobanwa

Kuku mmoja wa nyama anakula kilo 1 na kidogo katika majuma 3 ya kwanza, na kama kilo 3 katika majuma 3 yanayofuata. Maana yake chakula kile cha nguvu, chenye bei kali, ndicho kinacholiwa kidogo. Sisi tulibana pesa palepale pasipofaa kubanwa. Kifaranga katika majuma ya kwanza anajenga nyama kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine; akikosa hapo, majuma machache yanayobaki hayatoshi kumrudishia yote.

Tena gunia la bei ndogo linaweza kuwa ndilo ghali. Kuku aliyelishwa vizuri anahitaji kama kilo 2 za chakula ili aongeze kilo 1 ya uzito. Wa kwetu walikula zaidi ya kilo 4 kwa kila kilo moja. Kabla ya kuuliza bei ya gunia, ulizeni: gunia hili litanipa kilo ngapi za kuku?

Maonyo manne

La kwanza: soya mbichi msiwape kuku. Ina kitu kinachozuia tumbo lisimeng'enye protini, na kuku atadumaa akiwa na soya mbele yake. Ichemsheni nusu saa na kuikausha, au ikaangeni mpaka ganda litoke na rangi iwe ya dhahabu. Lakini isiungue, moto ukizidi, lisini yenyewe inaharibika.

La pili: soya nzima iliyokaangwa bado ina mafuta yake, kwa hiyo lisini yake ni kidogo kuliko ya mashudu, kama grami 23 kwa kilo. Mkiitumia, ongezeni kiasi: badala ya kilo 35, wekeni kama 40.

La tatu: mashudu ya karanga yana lisini kidogo kuliko ya soya, na yakipata unyevu yanaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula chenye karanga za namna hiyo, na ndipo sumu hiyo ikajulikana. Mahindi yenye ukungu nayo ni hatari. Msiseme "hatuwezi kula sisi, tuwape kuku."

La nne: unga wa samaki ni mzuri sana, una lisini na metionini pamoja. Ndakala waliokaushwa vizuri, bila mchanga na chumvi nyingi, wanaweza kuziba pengo. Lakini kwetu hapa tuwe waangalifu. Ziwa Tshangalele, ambalo maji yake yanashuka kwa Lufira kwenda kuendesha mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni, linapokea pia maji yanayotoka upande wa viwanda vya madini vya Likasi. Watafiti wa Lubumbashi waliandika mwaka 2010 juu ya madini mazito yaliyoonekana katika viumbe vya bonde la Lufira ya juu. Kilichokusanyika kwa samaki kinaweza kuingia kwa kuku, na kutoka kwa kuku kufika kwetu.

Siku 10 za Danieli

Maelezo ya kijana wetu hayakuwashawishi wote. Wengine walisema, "Hayo ni maneno ya shule." Basi nikawakumbusha kitabu cha Danieli, sura ya 1. Danieli hakubishana na msimamizi wake. Alimwomba jaribio la siku 10: wao wale mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana wengine. Alikubali jambo lipimwe, na matokeo yaonekane na watu wote.

Tulifanya vivyo hivyo. Tulinunua vifaranga 40. Siku 10 wote walikula chakula kimoja. Kisha tukawagawanya kwa ukuta wa mbao, 20 huku na 20 kule, kibanda kimoja, maji yaleyale, joto lilelile. Wa kushoto walipewa mahindi na pumba. Wa kulia walipewa mahindi, soya na metionini. Tena tulimwomba yule mama mjane awe ndiye anayewanywesha wote, asubuhi na jioni. Wengine waliogopa. Yeye alilia kidogo, kisha akakubali.

Siku ya kuanza, vifaranga wa pande zote mbili walikuwa na wastani wa grami 220. Baada ya siku 10 tulileta mizani mbele ya kanisa, baada ya ibada. Wa kushoto walikuwa na grami 330. Wa kulia walikuwa na grami 600. Mkono uliowanywesha ulikuwa mmoja.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mwenyekiti wa wamama akaenda mpaka kwenye benchi la yule mama, akapiga magoti. Wengine wakamfuata. Mimi nami.

Bukari na watoto wetu

Ndugu zangu, jambo hili haliishii kwenye kibanda. Mahindi yaliyopungukiwa na lisini kwa kuku ndiyo mahindi ya bukari yetu. Mtoto anayekula bukari na mchuzi mwepesi asubuhi na jioni anashiba, lakini mwili wake uko kama fundi mwenye mbao nyingi na miguu michache. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa wa watoto aliouona Ghana, waliovimba miguu na kubadilika ngozi na nywele, waliokuwa wakilishwa uji wa mahindi baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 1935 aliuandika kwa jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor, jina tunalolijua sote. Leo wataalamu wanasema sababu zake ni zaidi ya upungufu wa protini peke yake. Magonjwa na mambo mengine yanaingia. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali haraka, asitibiwe nyumbani kwa maharagi tu.

Lakini kumkinga mtoto kunaanza jikoni, na si kwa vitu vya matajiri. Maharagi yana lisini nyingi na metionini kidogo. Mahindi yana lisini kidogo, lakini metionini yake inasaidia pale maharagi yanapopungukiwa. Katika sahani moja kila kimoja kinajaza upungufu wa mwenzake. Bukari na maharagi, bukari na ndakala, sombe yenye karanga safi, yai moja la kuku wa nyumbani: hizo ndizo dawa zetu za kila siku.

Na tusisahau kwamba katika nchi yetu mtoto asiyekua, anayevimba, anayelia usiku, ameitwa mara nyingi ndoki. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza na kuadhibu kumshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini kabla ya sheria ya nchi, sisi tuna Bwana aliyewaweka watoto katikati ya wanafunzi wake.

Kiungo kilicho dhaifu

Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 12 juu ya viungo vya mwili, na anasema kwamba vile tunavyoviona dhaifu ndivyo tunavyovihitaji. Niliihubiri sura hiyo mara nyingi tangu nilipotoka shule ya theolojia. Sikujua kwamba grami 170 katika kilo 100 zingenifundisha kuisoma tena. Yule mama mjane alikuwa mdogo machoni petu, kama bakuli lile la unga mweupe. Tungemtoa, tungeendelea kuimba na kutoa sadaka, lakini tusingekua.

Nawaombeni basi, viongozi wa vikundi: kabla ya kununua vifaranga, fanyeni hesabu ya chakula cha majuma yote 6, na kama pesa haitoshi kwa vifaranga 100, nunueni 50. Wekeni mizani na daftari, mkapime kuku 10 kila Jumamosi. Tafuteni katika parokia yenu kijana aliyesoma mifugo, mmpe nafasi ya kusema. Na siku jambo lisipokwenda vizuri, ulizeni kwanza tulilisha nini, kabla ya kuuliza ni nani aliyepita.

Wamama wetu sasa wana kuku 60. Funguo za kibanda anazo yule mama. Tuombeeni, nasi tunawaombea. Mungu awabariki.